Giza la Shambani kwa Mama Mwajuma

Wajukuu zangu mnaotazama nyota, mmeniomba niwaandikie namna ya kukagua mahali pa kutazamia, mkaongeza kwamba niandike kwa kifupi kwa sababu mtasomea kwenye simu. Hapo mmekosea mtu. Mimi nimetumia maisha yangu ya kazi nikizungumza na kipimajoto ndani ya kibanda cheupe, kwanza Masasi, kisha huku juu Newala, na kipimajoto hakijibu. Mtu wa namna hiyo akipata wasikilizaji hawaachii upesi. Kwa hiyo wekeni simu zenu kwenye chaji, mkae.

Nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa. Najua mnachofikiria. Mnamfikiria yule dada wa kwenye televisheni anayeonyesha ramani kwa mkono, amevaa vizuri. Siye mimi. Mimi ni yule aliyetoka nje kwenye mvua na ndala ili akasome mvua imenyesha kiasi gani, akarudi na matope hadi magotini, na namba zake ndizo yule dada alizozisoma akiwa mkavu. Nilipima joto, upepo, mvua, mawingu, na umbali ambao jicho linafika kabla ukungu haujalizuia. Siku hizi imewekwa mashine inayojisomea na kutuma yenyewe. Haichelewi, haiumwi, haiombi ruhusa ya kwenda kumcheza mwali. Naipenda, ila ina upungufu mmoja: haioni mbuzi.

Nieleze. Nilipoanza kazi, mkuu wangu alikuwa Mzee Nambunga, mtu mwembamba aliyevaa kofia hata ndani ya ofisi. Kituoni kulikuwa na beseni kubwa la maji lililoachwa wazi, na kila asubuhi tulipima maji yamepungua kiasi gani, ili tujue jua na upepo vimekunywa kiasi gani. Wiki moja maji yakawa yanapungua ajabu. Nikaandika namba zangu kwa fahari. Mzee Nambunga akazisoma, akavua kofia, jambo ambalo halikuwa dogo.

"Binti, Masasi imegeuka jangwa lini?"

Nikamweleza habari ya jua kali, nikamweleza habari ya upepo wa kusi, nikachanganya na mambo niliyofundishwa chuoni. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akachukua kigoda, akaniambia nichukue changu, tukakaa nyuma ya kibanda kimya. Haukupita muda, mbuzi wa jirani akapenya kwenye uzio, nyuma yake watoto wake, wakajipanga kwenye beseni kwa adabu kabisa, wakanywa, wakaondoka.

"Andika," akasema. "Mvukizo wa miguu minne."

Alistaafu kazi akiniita Mama Mbuzi, na hata barua ya kunipongeza nilipojifungua Ismaili aliianza hivyo. Alinifundisha kuligawa anga vipande vinane kwa macho, na kusema ni vipande vingapi vina wingu. Alinifundisha kulala chali juu ya jamvi, kwa sababu aliyesimama huona mbele akadhani ameona juu. Zaidi ya yote alinifundisha kuandika kilichopo, si ninachotamani kiwepo. Hilo la mwisho ni gumu kuliko vipande vinane, na hasa kwenu ninyi wenye mapenzi na nyota. Nimewaona mkitazama wingu zito na kusema linapita.

Sasa tuje kwa Stela, maana bila Stela msingekuwa na kikundi.

Alikuja kwangu nikiwa nimeshastaafu, ninapukuchua mahindi barazani. Binti wa kijijini Lukuledi, ana kibanda cha kutengeneza simu Masasi karibu na stendi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kama umekuja kuniuzia vocha, ninayo."

"Hapana, Bibi. Nimekuja kutafuta giza."

Nikaweka gunzi chini. Miaka yote hiyo watu walinijia wakitafuta mvua. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka giza. Akakaa, akatoa mfukoni kidude cheusi kinachoingia kiganjani. Ukikielekeza juu na kubonyeza kinakupa namba, na namba ikiwa kubwa, giza ni zuri. Alikipata kwa watu wa mjini aliokuwa akiandikiana nao, watu wenye darubini zao wenyewe, wanaosafiri kwenda mahali penye giza kama wengine wanavyokwenda kuona wanyama. Walikuwa wanatafuta mahali papya huku kusini. Walimwambia akipata mahali pazuri watakuja kupajaribu mwezi wa saba, na wakiridhika watakuwa wanakuja kila mwaka.

Stela alilitaka jambo hili mpaka usingizi ulikuwa umemwisha. Kaka zake walimcheka kwamba mchana anafungua simu za watu na usiku anafungua mbingu, na hakuna inayolipa. Alitaka waje watu wa mbali wasimame kwenye udongo wa kwao na waseme, hapa ndipo. Nilimwelewa. Na mimi nilikuwa na miguu iliyochoka kukaa barazani. Nikamwambia nitakwenda naye, ila yeye ndiye atakayebeba jamvi.

Mahali pa kwanza alipopachagua ni juu ya jiwe, moja ya yale majabali makubwa ya Masasi. Pazuri kwa kupiga picha. Tulipanda na jua, tukangoja giza, na nyota zikatoka zote zinatetemeka kama zina homa. Stela akaifuta darubini yake, akaikaza, akaifuta tena. Nikamwambia avue ndala akanyage. Jiwe lilikuwa bado la moto. Jabali hula jua mchana kutwa na kulitoa usiku, na ile hewa ya joto inayopanda ndiyo inayozitikisa nyota. Chini yetu mji wa Masasi umewaka, na kila bodaboda iliyopinda kona ilitumulika sote wawili. Tukashuka kwa makalio, mimi nikilalamika kila hatua.

Mahali pa pili palikuwa Newala ukingoni kabisa, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana chini. Hapo hakuna taa upande wa kusini hata moja. Stela akakibonyeza kidude chake, akapiga kelele ya furaha. Nikamwambia angoje. Usiku ulipopoa ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni, taratibu, ukaja mpaka miguuni petu, ukatufunika. Darubini ikatoa jasho, na vitenge vyetu vikalowa. Tulikaa ndani ya wingu tukisikilizana sauti tu.

"Bibi, upo?"

"Nipo. Namba inasemaje?"

"Inasema giza zuri sana."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwa hiyo shikeni hili: kidude kinapima giza, hakipimi kama kuna kitu cha kutazama ndani yake. Tembeleeni mahali mchana kwanza mjue visiki na mashimo. Mrudi jioni, mrudi usiku wa kati, mrudi alfajiri, kwa sababu jioni moshi wa majiko hulala chini hewa inapopoa, na alfajiri unakuwa umetoweka. Gusa majani, kama yamelowa, na kioo kitalowa. Uliza taa ya msikiti, uliza ya kanisa, uliza banda la video. Tochi zenu zifungeni karatasi nyekundu, na mtu mwenye simu iliyowaka usoni mpelekeni nyuma ya nyumba.

Mahali pa tatu ndipo tulipopapata. Ni juu ya uwanda, kando ya njia ya kwenda Tandahimba lakini mbali na barabara na mbali na ukingo wa bonde, shambani kwa Mama Mwajuma. Huyu ni mama mjane ninayemfahamu tangu watoto wetu walipokuwa wadogo. Alikuwa amekata mikorosho mikongwe ili apande mipya, ukabaki uwanja mpana katikati ya shamba, umezungukwa na mikorosho mingine inayozaa. Miti inazuia taa za mbali, na juu pako wazi. Tulikwenda mvua za masika zilipokwisha. Tukakagua kila kitu nilichowatajia hapo juu na vingine ambavyo sikuvitaja. Nililala chali nikaligawa anga vipande vinane, vyote vinane vitupu. Kilimia, ule mkungu mdogo wa nyota, tulikiona mpaka vinyota vyake vya aibu. Saa nzuri kuliko zote ilikuwa kabla ya alfajiri, hewa imetulia kabisa, hakuna jani linalotikisika.

Mama Mwajuma alitupikia mihogo. Akamwambia Stela, "Waje tu wageni wako, ntoto wangu. Hapa kwangu kuna nini zaidi ya giza?"

Wageni wakaandikiwa, wakakubali.

Sasa nipeni nafasi niwacheke, na mimi nikiwa wa kwanza kuchekwa. Siku chache kabla wageni hawajafika, mwezi wa saba, tulikwenda na baadhi yenu, vijana wa kikundi, kufanya jaribio la mwisho. Darubini zimepangwa, hewa imetulia, umande umelala, anga safi. Tukasikia mashine inanguruma upande wa mashariki. Nyingine ikaitika magharibi. Halafu taa zikaanza kutembea kwenye mikorosho ya majirani, na juu ya miti likapanda vumbi la manjano, likatanda, likaja kwetu bila haraka. Salfa.

Hapo uwanjani hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye hakukuzwa na korosho. Wote tulipelekwa shule na korosho, wote tuliwahi kurudi shamba kope zikiwa za manjano na macho yanawaka. Tunajua toka utotoni kwamba mwezi wa sita na wa saba mikorosho inapochanua, ugonjwa wa ubwiri unga hushambulia maua, na kwamba dawa yake, salfa, hupulizwa alfajiri, umande ukiwepo ili ishike, na upepo usiwepo ili isipotee. Yaani saa ileile tuliyoichagua sisi, kwa sababu zilezile. Tulikuwa tumekagua msikiti, kanisa, banda la video na mashimo ya panya. Salfa hakuna aliyeitaja, kwa sababu hakuna mtu wa huku anayeiona salfa kuwa ni jambo la kutajwa. Mgeni kutoka mbali angeiuliza siku ya kwanza.

Tulikaa pale tukiwa wa manjano, tunatazamana. Stela hakucheka.

Majirani, tukaambiwa, wangemaliza asubuhi ile. Mashine za kupulizia huenda kwa zamu, maana si kila mtu ana yake. Aliyebaki alikuwa Mama Mwajuma mwenyewe, na zamu yake iliangukia asubuhi zilezile za wageni. Baada yake mashine ilikuwa inahama kwenda vijiji vya mbele, na isingerudi mapema.

Stela akamwomba aahirishe. Alimwomba kwa heshima zote, amepiga goti, na Mama Mwajuma akamwinua.

"Nimeshasema waje. Nitawafukuzaje na vumbi? Maua yatavumilia kidogo."

Niliujua ugumu wa neno lile. Mwajuma, bintiye, yuko chuo cha uuguzi, na kila kitu cha yule mtoto kinatoka kwenye miti ile, kuanzia ada mpaka sabuni. Nilipobaki naye jikoni nikamwambia, "Mama Mwajuma, waweza kukataa. Hatanuna."

"Mama Ismaili," akanijibu, "yule ntoto hajawahi kuomba kitu kwangu. Na wewe usimwambie."

Sikumwambia. Nyumba ni yake, miti ni yake na neno ni lake. Lakini nililala vibaya.

Wageni wakaja kwa gari, watu wapole, wana darubini moja ndefu kama bomba la kisima. Wakalala kwenye madarasa ya shule. Asubuhi ya kwanza anga likawa limefungwa, wingu la chini lile la baridi linalotoka baharini na kutukalia kichwani. Vipande vinane kati ya vinane. Tukangoja mpaka jua. Asubuhi ya pili ikawa vilevile, na manyunyu juu yake. Wageni walikunywa chai wakasema haidhuru, ndiyo mambo ya nyota. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Unyevu ule, utulivu ule, baridi ile: hakuna hali ya hewa inayoupendeza ubwiri unga kuliko hiyo. Mashine ilikuwa imekaa barazani kwa Mama Mwajuma, imefunikwa gunia, na mifuko ya salfa pembeni yake. Kila alipopita aliitazama, kisha akawauliza wageni kama chai ina sukari ya kutosha.

Asubuhi ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa wageni. Pia ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa mashine.

Nilitoka nje na jamvi langu, nikalala chali, na nawaambieni ukweli, katika maisha yangu yote ya kutazama juu sikuwahi kuona anga namna ile. Manyunyu yalikuwa yameiosha hewa. Ule mkanda mweupe wa nyota ulishuka magharibi mpaka ukagusa mikorosho. Kilimia kimepanda upande wa pili. Wageni hawakupiga kelele, walinong'ona. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu, alikuwa anasema "jamani, jamani" tu. Stela alisimama katikati ya uwanja mikono imemwanguka, anazunguka polepole, na nikafurahi kwa ajili yake.

Halafu kikatokea kitaa kwenye miti. Kinawaka, kinazimika, kinahamia mti mwingine, kinawaka.

"Nani huyo na tochi?" mmoja wa wageni akauliza. "Anatuharibia macho."

Stela akaondoka mbio kwenda kumzima huyo mtu. Mimi nikajikokota nyuma yake, maana nilishamjua.

Mama Mwajuma alikuwa chini ya mkorosho, amevuta tawi mpaka usoni, anamulika maua. Alipotuona akaizima tochi haraka.

"Samahani, mwanangu. Nilikuwa natazama tu. Nimezima."

Stela akaichukua tochi mkononi mwa Mama Mwajuma, akaiwasha, akalivuta lile tawi. Ncha za maua zilikuwa zimeshikwa na unga mweupe. Si zote. Akavuta tawi jingine. Binti wa Lukuledi, hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Mashine inaondoka lini, Mama?"

"Leo. Wataifuata jua likitoka." Kisha akaongeza upesi, "Lakini wageni wako, ntoto wangu, anga lenyewe ndiyo limefunguka sasa hivi."

Stela akainua uso, akalitazama lile anga mara moja, sawasawa, kama mtu anayetazama nyumba kabla ya kufunga mlango. Akageuka akarudi uwanjani kwa hatua ndefu.

"Naombeni mfunike darubini zenu," akawaambia wageni. "Zote. Mzifunge vizuri."

Yule mzee mwenye ndevu akatazama huku na huku. "Kwani kuna wingu?"

"Linakuja," akasema Stela. "Tunalileta sisi."

Akawaeleza kwa maneno machache. Wapo walioguna, na mmoja alikwenda kukaa ndani ya gari akafunga vioo, simlaumu, alitoka mbali. Mzee mwenye ndevu alivua koti akauliza mifuko iko wapi. Vijana wa kikundi wakakimbilia barazani. Stela akajitwika ile mashine mgongoni mwenyewe, akajifunga mtandio puani, akaivuta kamba mpaka ikanguruma, akaingia chini ya mkorosho wa kwanza. Mama Mwajuma alimfuata akipiga kelele kwamba si hivyo, elekeza juu, juu, zunguka mti, na kwa mara ya kwanza tangu wageni wafike niliisikia sauti yake halisi.

Vumbi likapanda. Nyota zikawa za manjano, zikafifia, zikapotea moja baada ya nyingine kuanzia upande wa magharibi.

Jua lilipotoka walikuwa wamefika mstari wa mwisho, na watu wa mashine wamesimama barazani wanangoja. Stela akaja akaitua karibu yangu. Uso wote ulikuwa wa manjano isipokuwa mifereji miwili iliyotoka machoni mpaka kidevuni.

"Ni salfa, Bibi," akasema. "Inauma macho."

Nikamfuta kwa ncha ya kitenge changu. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, salfa inauma macho sana.